Fyuzi Ipo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, saa tisa za alasiri, jua la Tongoni likiwaka kama lina ugomvi na mtu, nami nimeegemea pikapu ya babu yako nikiwa nimewasha taa. Si taa za gari lenyewe. Hizo zilikuwa mbili, moja ikimulika barabara na nyingine ikimulika minazi. Nasema taa nne za nyongeza, kubwa kama sahani za pilau, nilizozifunga mwenyewe juu ya bampa, ambazo saa ile hazikuwa na kazi yoyote ila kuonekana.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya picha uliyonitumia juzi. Nimeiona taa yako, ndefu kama rula ya ubaoni, imelala juu ya boneti ya pikapu yako bado iko kwenye nailoni. Na maneno yako chini yake nimeyasoma mara tatu: "Mjomba, kesho naunga mwenyewe, video nimeshaangalia." Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ungeniitikia "sawa mjomba" huku plaizi iko mkononi. Ndiyo maana nimekuomba kwa ujumbe mfupi uniachie siku mbili, na sasa ninaandika. Na kwa kuwa mjomba wako siku hizi hawezi kuandika hata orodha ya sokoni bila kutaka ichapishwe gazetini, wasomaji wengine wanisamehe. Nadhani kila mmoja wao ana kijana nyumbani mwenye chombo cha moto na taa nyingi kuliko macho.

Wakati huo nilikuwa na mwezi mmoja na nusu tangu nirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya ualimu wa fizikia. Nilitembea Tongoni kama mtu aliyeuvumbua umeme yeye mwenyewe na sasa ameuleta kijijini kwa hisani. Babu yako alikuwa na pikapu ya kupelekea nazi Tanga mjini, na mama yako, mdogo wangu Zuhura, alikuwa amechumbiwa na baba yako kule Mwera. Ikakubaliwa kwamba bibi harusi apelekwe na watu wake, kwa gari la kwao. Dereva ni kaka mtu, yaani mimi.

Kuna nguruwe pori katika barabara ile ya Pangani inayokwenda Mwera, na kurudi tungerudi giza likianza, kwa hiyo taa zilihitajika kweli. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia babu yako. Sababu niliyoificha ni kwamba nilitaka watu wa Mwera wauone msafara wetu ukitokea kwenye mikonge huku unawaka, mchana kweupe, wajue kwamba binti wanayempokea ana kaka.

Siku nne kabla ya harusi nilizipeleka taa Nguvumali kwa Mzee Hamad. Alikuwa fundi umeme wa magari, Mpemba aliyehamia Tanga ujanani na kubaki na lafudhi yake nzima bila kupunguza hata herufi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati na benchi moja. Alikuwa rafiki wa babu yako na amealikwa harusini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazichukua taa moja moja, akazigeuza, akasoma maandishi ya nyuma akiwa ameisogeza miwani yake mpaka kwenye ncha ya pua. Akaniambia zitahitaji waya mnene utokao kwenye betri moja kwa moja, na rilei, na fyuzi yake peke yake, na vyote hivyo atavipata Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu harusi itakuwa imepita. Akasema basi taa zitapita nayo, gari litakwenda na taa zake mbili.

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nikamwambia asisumbuke, nitaunga mwenyewe, kwa sababu umeme nimeusoma.

Mzee Hamad akanitazama juu ya miwani. "Wewe umeusoma," akasema. "Nao umekusoma?"

Wale vijana waliokuwa wakingojea magari yao wakacheka. Nikacheka nao, kwa adabu, nikachukua taa zangu nikaondoka. Njiani nilitunga majibu saba mazuri ya kumjibu, ambayo mpaka leo sijapata nafasi ya kuyatumia.

Nilichokifanya Ijumaa yake nakueleza bila kuficha, maana ndicho utakachokifanya kama hutanisikia. Nilichukua waya wa spika, ule mwembamba wa rangi mbili, kwa kuwa ulikuwepo nyumbani. Nikatoa moto chini ya dashibodi. Unajua mafundi wetu hawasemi umeme wala mkondo, wanasema moto. Waya huu una moto, ule hauna. Leta moto hapa. Darasani tulilicheka neno hilo, tukaona ni la watu wasiosoma. Basi nikautoa moto mahali ambapo hautegemei ufunguo, ili taa ziwake hata gari likiwa limezimwa, watu wapige picha. Waya nikaupitisha mbele kupitia tundu la bati lenye ncha kali, bila mpira wa kuukinga.

Nikawasha. Taa zikawaka kwa nukta moja, fyuzi ikaungua. Nikaweka ya pili, ikaungua. Ya tatu sikuwa nayo.

Ungetegemea mtu mwenye shahada ajiulize fyuzi inamwambia nini. Taa nne, wati mia kila moja, gari la volti kumi na mbili, ni ampea ngapi: swali hilo nililitunga mimi mwenyewe kwa kidato cha tatu nilipokuwa kwenye mafunzo ya kufundisha, na waliokosa niliwasimamisha. Lakini mbele ya gari sikuwa mwalimu. Nilikuwa kaka wa bibi harusi mwenye haraka. Nikaokota pakiti tupu ya sigara nje ya duka, nikachana ile karatasi yake ya kung'aa inayopitisha moto, nikaiviringisha kwenye fyuzi iliyoungua, nikairudisha mahali pake. Ujanja huo sikuufundishwa chuoni. Kila utingo wa pwani hii anaujua. Taa zikawaka na zikaendelea kuwaka, nami nikasimama nikizitazama kama mtu aliyeumba.

Sasa rudi nami kwenye ile Jumamosi. Mzee Hamad alifika Tongoni kwa ajili ya harusi akiwa na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Tulipokuwa tunapanda gari akaziona taa. Akazunguka mbele, akasimama, akaniuliza nani kafunga. Nikasema mimi. Akauliza swali moja tu.

"Fyuzi ipo?"

Nikasema, "Ipo."

Mwanangu, kwa hesabu ya wakili fyuzi ilikuwepo kweli. Imeungua, imevikwa karatasi ya sigara, lakini ipo. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akapanda nyuma, akakaa ukingoni karibu na kabini ya dereva, mwanamume pekee kati ya akina mama wanane na makawa ya vyakula. Mbele tulikaa watatu: mimi kwenye usukani, mama yako katikati, miguu yake yenye hina mbichi imekaa juu ya ule mgongo wa gia, na mlangoni Bi Mwanaidi, somo yake, aliyemfunda na ambaye kazi yake ilikuwa kumfikisha mpaka chumbani. Mlango wa upande wake ulikuwa unafunguka kwa nje tu. Kipini cha kushushia kioo kilikuwa kimeng'oka, na kioo tulikuwa tumekipandisha ili vumbi lisimharibu bibi harusi. Nayataja haya kwa sababu siku ile sikuyafikiria hata kidogo. Gari bovu ukilizoea unaacha kuliona.

Tukaenda vizuri karibu nusu saa. Akina mama nyuma walikuwa wanaimba na kutusema watu wa mbele, hasa mimi, kwamba dereva anaringa kama yeye ndiye anayeolewa. Tulikuwa tumeingia kwenye mashamba ya mkonge, hakuna nyumba kulia wala kushoto, Bi Mwanaidi aliponusa hewa.

"Zuhura," akasema, "huu udi gani unaonuka mpira?"

Mama yako akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliuona moshi. Ulitoka chini ya dashibodi taratibu, mweupe, kama unaomba ruhusa. Nikazima swichi ya taa. Moshi ukaendelea. Nikasimamisha gari nikazima injini. Moshi ukaendelea. Nikachomoa ufunguo nikaushika mkononi, na nakuapia, mpaka leo nikiwa nimelala mchana huwa nauota ufunguo ule: gari limezimwa, ufunguo uko kwenye kiganja changu, na kitu chini ya miguu ya dada yangu kinaendelea kuungua kama vile hakinitambui.

Nilitoka. Nataka kukuambia kwamba nilitoka ili nikafungue boneti, na nilipofika nje kweli nilikwenda kwenye boneti. Lakini mlango wangu ndio pekee uliokuwa unafunguka kwa ndani, na mtu wa kwanza kutoka kwenye gari lile nilikuwa mimi. Nyuma yangu niliwaacha wanawake wawili kwenye moshi, mmoja wao amevaa shela na nguo za hariri. Sijawahi kuliandika hili kabla ya leo.

Mzee Hamad alikuwa amesharuka chini. Mtu wa umri ule, na kanzu. Akafungua mlango wa Bi Mwanaidi kwa nje, akamtoa Bi Mwanaidi, akampokea mama yako kwa mikono yote miwili kama mtu anavyopokea kitu cha udongo, akawaweka mbali kwenye mikonge, kisha akaja kwangu. Boneti ya gari lile ilifungwa kwa kamba ya katani, nami nilikuwa nahangaika na fundo. Akanisogeza kwa bega. Akalifungua fundo. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, mahali ambapo wazee wengine huweka tasbihi, akatoa spana namba kumi.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimesikiliza watu wenye vyeo wakisema mambo makubwa, lakini sijaona jambo lililonistaajabisha kama mikono ile. Haikuwa na haraka. Ilizungusha nati ya upande wa hasi mara tatu, ikaung'oa waya kutoka kwenye betri, ikauweka pembeni. Moshi ukanyamaza. Sina neno jingine, ulinyamaza, kama darasa mwalimu mkuu anapopita dirishani. Kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia upepo kwenye mikonge.

Mzee akaingia chini ya dashibodi na kanzu yake nyeupe. Waya wangu wa spika ulikuwa umeyeyuka wote. Pale ulipopita kwenye tundu la bati ulikuwa umekatwa ngozi na kugusa bodi ya gari, na hapo ndipo moto ulipokuwa unajimwaga. Akaukata vipande vipande, akafunga ncha kwa tepu. Akatoka na kitu kati ya vidole viwili. Alikuwa ameshika ile karatasi ya sigara, imesawijika lakini nzima kabisa.

"Hii ndiyo ipo?" akaniuliza.

Akasema polepole, wala hakukusudia akina mama wasikie, ingawa wote walisikia: "Mimi nimepanda kwa neno lako. Na hawa wamepanda kwa sababu wameniona mimi nimepanda."

Ningependa angenitukana. Akarudisha waya wa betri, akaitia karatasi mfukoni pamoja na spana, akapanda nyuma. Mama yako akarudi mahali pake katikati, akaniambia, "Kaka, twende, watu wanangoja," kwa sauti ya kawaida, kama tulisimama kununua maji. Tulifika Mwera na taa nne kubwa zikiwa zimezimwa. Baba yako alizisifu. Alisema ni taa nzuri sana, akauliza kama zinawaka.

Jumatatu nilikwenda Nguvumali bila kuitwa. Shikamoo, marahaba. Akanionyesha nikae kwenye benchi. Mezani palikuwa na betri ya gari, sanduku lisilozidi mikate miwili ya bofulo. Mzee Hamad akavua unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wangu wa spika, mwembamba kama unywele wa mtoto. Akaniambia nisogee nyuma. Ncha moja akaifunga kwenye kichwa kimoja cha betri, nyingine akaishika kwa plaizi yenye mpira, akaigusisha kwenye kichwa cha pili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uwanjani. Ule unyuzi ukawaka mweupe kuliko jua. Kisha haukuwepo. Sisemi ulikatika, nasema haukuwepo. Nilitafuta mezani sikuona hata jivu. Nilikuwa nimesoma mkondo na ukinzani miaka mitatu, nimeandika milinganyo yake ubaoni kwa mwandiko mzuri, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipouona. Nikaogopa sanduku lile lililotulia mezani, ambalo nilikuwa nalipita kila siku kama napita tofali. Nikafahamu kwa nini watu wa karakana wanauita moto. Hawakukosea neno. Waliokosea ni sisi tuliodhani ni jina tu.

"Huo ndio uliouweka miguuni pa dada yako," akasema.

Halafu akanifundisha, na alivyonifundisha ndivyo ninavyokufundisha. Akauliza, Zuhura alipoposwa, nani alileta maneno? Nikasema mshenga. Mshenga alibeba nini? Nikasema hakubeba kitu, alibeba maneno. "Na kitanda, na kabati, na masanduku ya nguo, vimekwenda vipi Mwera?" Nikasema kwa lori. Akasema basi hata umeme nimeshaufahamu. Waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi ndani ya gari ni mshenga: kazi yake kupeleka neno, washa, zima, basi. Rilei ndiyo mwenye nyumba anayelisikia neno na kufungua mlango mkubwa. Mzigo wenyewe unapita kwenye waya mnene, kutoka betri kwenda kwenye rilei na kutoka rilei kwenda taani, haukanyagi kabisa ndani ya gari. "Wewe," akasema, "umemtwika mshenga kitanda na makabati, kisha washangaa kaungua."

Akacheka mwenyewe, ndipo nami nikacheka, na ndipo nilipojua nimesamehewa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kabla hujagusa waya wowote, fungua kwanza upande wa hasi wa betri, na uwe wa mwisho kurudishwa. Soma wati za taa yako, gawanya kwa volti kumi na mbili, upate ampea, kisha ununue waya unaozibeba hizo na ziada. Usipime waya kwa macho. Nenda na hesabu yako dukani. Moto utoe kwenye betri, na fyuzi ikae hapo hapo karibu na betri, si mbele kwenye taa, kwa maana fyuzi hailindi kitu kilicho nyuma yake, kati yake na betri. Weka rilei. Kila waya unapopita kwenye bati uuvalishe mpira, uufunge usicheze, uuweke mbali na ekzosi. Mahali unapofunga waya wa bodi pakwangue rangi mpaka uone chuma kinachong'aa. Ukimaliza, washa taa zote robo saa, kisha pitisha mkono juu ya waya wote, taratibu. Ukisikia joto, bado hujamaliza. Na fyuzi ikiungua usiikasirikie. Imekufa badala ya mtu. Tafuta kwanza ilikuwa inamkinga nani.

Taa yako haitumii umeme mwingi kama zangu, najua, video imekuambia na imesema kweli. Lakini betri ni ile ile.

Na milango ya gari lako ifunguke kwa ndani. Yote.

La mwisho si la umeme. Mtu akikuuliza kitu ambacho roho za watu zimekaa juu yake, usimjibu kama wakili. Mwambie ilivyo. Ningemwambia Mzee Hamad, "Ipo lakini nimeifunga karatasi," angezing'oa taa palepale, ningeaibika dakika tano mbele ya akina mama wanane, na tungeondoka.

Utaniuliza kwa nini nimekuandikia yote haya kwa taa moja. Lile kovu la mama yako juu ya mguu wa kulia, dogo kama shilingi, ambalo tangu utoto wako amekuambia ni chai ilimwagika. Si chai. Ni ngozi ya waya wangu, ilidondoka juu ya hina yake, naye hakupiga kelele. Baba yako aliambiwa chai. Babu yako aliambiwa chai. Miaka yote hii ameniwekea siri hiyo bila mimi kumwomba, na jana nilipomwambia nataka kukuandikia ukweli, aliniambia kwenye simu, "Mwandikie. Lakini usiikuze, chai yenyewe ilikuwa nusu kikombe."

Ndani ya bahasha iliyokuja na gazeti hili utakuta spana namba kumi. Mzee Hamad aliniachia alipokuwa mgonjwa, Mola amrehemu, nami nimekaa nayo bila kuwahi kuihitaji, jambo ninaloshukuru. Itie mfukoni, hata siku za kanzu.

Mwenyezi Mungu akupe mkono usio na haraka, akuangazie barabara zako zote, na kila atakayepanda gari lako ashuke kwa miguu yake mwenyewe, mlango akiufungua yeye.